Mchezo Bila Kasoro: Fasili ya Ushindi Timilifu katika Besiboli na katika Bao

Mjini Arusha, chini ya Mlima Meru, upo uwanja wa michezo uitwao kwa jina la Sheikh Amri Abeid. Wengi wauingiao huja kutazama kandanda, na jina la uwanja kwao ni jina tu. Lakini wasomi wa Kiswahili wamjua Sheikh Amri Abeid kwa jambo jingine. Ndiye aliyetoa, mwaka 1954, kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambamo kanuni za vina na mizani zilipangwa kwa utaratibu. Kwa watunzi wazishikao kanuni hizo, mshororo wa mizani 16 ukipungukiwa na mmoja umeharibika, na shairi lililokosa vina au mizani huitwa guni. Haidhuru maneno yake yawe matamu namna gani. Utamu ni jambo la ladha, na watu huweza kushindana juu yake. Mizani ni jambo la hesabu, na hesabu haina mashindano.

Katika michezo ya dunia upo ushindi upimwao kwa hesabu ya namna hiyo hiyo. Ni ule ambao katika besiboli Waingereza na Wamarekani huuita 'perfect game'. Makusudi ya makala haya ni kueleza ushindi huo ni kitu gani, fasili yake ilivyopatikana, na neno lipi la Kiswahili lafaa kuubeba. Huenda swali likaonekana dogo, kwa kuwa mchezo wenyewe ni mgeni katika Afrika ya Mashariki. Hata hivyo umekwisha kuingia. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Marekani, nao walishinda mchezo mmoja. Mwaka 2018 ulijengwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msaada wa Japani. Mchezo ukiingia, istilahi zake huingia nao. Na zikiingia bila kupimwa, kuzitoa ni kazi ngumu.

I. Mchezo ulivyo

Katika besiboli timu mbili hupokezana. Timu moja huwa uwanjani, nayo ina mrushaji asimamaye katikati. Timu ya pili hupeleka wapigaji wake mmoja mmoja. Mpigaji hutafuta kufika kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, na kurejea nyumbani, yaani mahali alipoanzia. Akirejea salama timu yake hupata alama. Timu ya uwanjani hutafuta kumtoa kabla hajafika. Wakitoka wapigaji 3, zamu imekwisha. Mchezo wa kawaida una zamu 9 kwa kila timu. Kwa hiyo timu inayopiga hutolewa watu 27 kabla ya mchezo kwisha.

Mpigaji aweza kufika kituo cha kwanza kwa njia kadha wa kadha. Aweza kuupiga mpira vizuri usidakwe. Aweza kurushiwa mipira 4 mibovu, akapewa kituo bure. Aweza kupigwa na mpira wa mrushaji mwilini. Tena aweza kufika kwa sababu mchezaji wa uwanjani amekosea, ameuangusha mpira au ameutupa kombo. Katika ushindi uzungumzwao hapa, njia hizo zote zimefungwa. Wapigaji 27 huingia, na wote 27 hutoka, hakuna hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza salama.

Tunu hii ni adimu mno. Katika ligi kuu za Marekani, ambazo michezo yake tangu karne ya 19 imepita 200,000, hadi mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa imepatikana mara 24 tu, na hakuna mrushaji aliyeipata mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Lee Richmond, tarehe 12 Juni 1880; ya pili, ya John Montgomery Ward, ilifuata baada ya siku 5 tu, tarehe 17 Juni mwaka ule ule. Ya tatu haikuonekana mpaka mwaka 1904, kwa mkono wa Cy Young.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja potofu. Ushindi huu hausemi kwamba mrushaji alirusha kila mpira vizuri. Don Larsen, tarehe 8 Oktoba 1956, aliupata katika fainali za mwaka kwa mipira 97, na si yote 97 iliyokuwa mizuri. Wala si kazi ya mtu mmoja, kwani mpira ukipigwa ni lazima wenzake waudake. Lisemwalo na jina hili ni jambo moja tu, nalo ni la kukanusha: hakuna aliyefika. Ubora wa mchezo ni sifa. Kutofika kwa mtu ni habari. Neno la Kiingereza limechanganya mambo hayo mawili, na msikilizaji asiyejua mchezo hudhani amesikia sifa.

II. Fasili iliyofuta majina

Kwa miaka mingi jina hili lilitumika kwa mazoea. Mwaka 1991 kamati ya wasimamizi wa kumbukumbu za besiboli Marekani iliamua fasili rasmi: mchezo uwe wa zamu 9 au zaidi, wapigaji wote watoke, na asiwepo afikaye kituo muda wote wa mchezo mpaka mwisho wake. Maneno hayo machache yaliwagusa watu waliokwisha kuandikwa vitabuni.

Mmoja ni Ernie Shore. Tarehe 23 Juni 1917 mrushaji aliyeanza mchezo alikuwa Babe Ruth. Alimpa mpigaji wa kwanza kituo bure, akagombana na mwamuzi, akafukuzwa. Shore aliingia mahali pake. Yule aliyekuwa kituoni akajaribu kuiba kituo cha pili akatolewa, na Shore akawatoa 26 waliofuata. Kwa miaka mingi aliandikwa miongoni mwa wenye ushindi huu. Fasili ikamwondoa, maana mchezo haukuwa wake wote, na mtu mmoja alifika, ingawa hakufika mbele yake.

Wa pili ni Harvey Haddix wa Pittsburgh. Tarehe 26 Mei 1959, alipocheza na Milwaukee, alitoa watu 36 mfululizo katika zamu 12, jambo lipitalo kipimo cha kawaida kwa watu 9. Lakini wenzake hawakupata alama hata moja, na mchezo ukaendelea. Katika zamu ya 13 mwenzake mmoja alikosea kutupa, mtu akafika, na mwisho Haddix akashindwa kwa alama 1 kwa 0. Kabla ya mwaka 1991 wengi walimhesabu. Baada ya fasili hakuhesabiwa tena. Aliyotenda hayakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mpaka wa neno.

Kisa cha tatu chafunza zaidi. Tarehe 2 Juni 2010, huko Detroit, Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26. Wa 27 aliupiga mpira, ukatupwa kituo cha kwanza, na Galarraga mwenyewe akaudaka akiwa amekanyaga kituo. Mwamuzi Jim Joyce alitamka kwamba mpigaji amefika. Picha zilionyesha wazi kuwa alikuwa ametoka. Joyce alikiri kosa lake usiku ule ule, naye Galarraga hakumlaumu. Hata hivyo wakuu wa mchezo hawakuibadili kauli iliyokwisha kutolewa, na kitabu kinaandika mpaka leo kwamba mtu mmoja alifika.

Kwa mwanaisimu, kisa hiki chaonyesha kwamba ushindi huu hukaa katika kauli ya mwamuzi kabla ya kukaa mahali pengine popote. Kauli hiyo, ikitamkwa kwa Kiswahili, haina budi kuwa katika hali timilifu: 'ametoka' au 'amefika'. Wasichana wa Tanzania wachezao rede, ambao mmoja hujaza mchanga katika chupa huku wawili wakimlenga kwa mpira, hutumia kauli hiyo hiyo: mpira ukimgusa, 'umetoka'. Kiambishi -me- husema kwamba tendo limekwisha na matokeo yake yapo. Basi ushindi uzungumzwao ni 'ametoka' 27 zisizokatwa na 'amefika' hata moja.

III. Maneno yaliyopo

Mfasiri mwenye haraka atasema 'mchezo kamili' na kuendelea na safari yake. Neno kamili lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kutopunguka sehemu: fedha kamili, saa nne kamili. Ubaya ni kwamba besiboli ina istilahi nyingine inayolistahili neno hilo zaidi. Mrushaji anayeanza mchezo na kuumaliza mwenyewe bila kubadilishwa husemwa kuwa amecheza mchezo kamili, hata kama amefungwa alama 10. Wajapani, waliotangulia kuupokea mchezo huu na ambao wameusaidia kuingia Tanzania, walizitenga dhana hizo tangu zamani. Mchezo uliomalizwa na mrushaji mmoja huuita 'kantō', na ule wa wapigaji 27 huuita 'kanzen jiai'. Roki Sasaki alipoupata huu wa pili huko Chiba tarehe 10 Aprili 2022, hakuna msomaji wa Kijapani aliyechanganyikiwa. Kiswahili kikilitumia kamili kwa yote mawili, kitakuwa kimeanza na upungufu ambao wengine hawana.

Neno la pili ni timilifu. Limejengwa juu ya timia kwa kiambishi -ifu, kiwezacho kugeuza kitenzi kuwa sifa, kama katika sahaulifu. Ni neno zuri, nalo lina uzito. Lakini sarufi imekwisha kulichukua kwa hali ya -me-, na tena timilifu lasifu: mtu mtimilifu ni mtu mwema aliyekomaa. Linafaa katika maelezo, kama lilivyotumika katika anwani ya makala haya. Katika istilahi laleta tena ule mchanganyiko wa sifa na habari.

Neno la tatu ni safi, na hili hukataliwa na mchezo wa Waswahili wenyewe, kama itakavyoonekana katika sehemu ifuatayo.

Linabaki kasoro. Nalo lina asili ya Kiarabu, lakini Kiswahili kimelipa kazi maalumu katika hesabu. Msemaji asemapo 'saa nne kasorobo', hailaumu saa. Anatoa robo katika nne. Asemapo 'wamekuja wote kasoro mmoja', anahesabu. Kasoro basi ni upungufu uwezao kupimwa, usiohitaji hukumu ya ladha. 'Mchezo bila kasoro' maana yake ni mchezo ambao katika 27 hakikutolewa kitu. Shore alikuwa na 27 kasoro mmoja. Haddix alikaa zamu 12 bila kasoro akapata moja katika zamu ya 13. Galarraga alipewa kasoro isiyokuwapo. Kila kisa chaelezeka kwa neno hilo moja bila kuongeza maelezo. Hicho ndicho kipimo cha istilahi njema.

Yawezekana mtu akapinga, akisema kasoro pia ni dosari, na mrushaji aliyerusha mipira mibovu kadha hakukosa dosari. Pingamizi hili lina haki yake. Jibu ni kwamba neno hupata mpaka wake kutokana na jirani zake. Mahali ambapo istilahi tatu zimepangwa pamoja, yaani mchezo kamili, mchezo bila pigo, na mchezo bila kasoro, msomaji hutambua mara moja kwamba kila moja imo ndani ya ile iliyotangulia. Mrushaji amalizaye mchezo peke yake ana mchezo kamili. Akiumaliza bila mpinzani kupata pigo la kumfikisha kituoni, ingawa wengine wamefika kwa njia nyingine, ana mchezo bila pigo. Akiumaliza pasipo mtu kufika kwa njia yoyote, ana mchezo bila kasoro.

IV. Funzo la bao

Kuna sababu nyingine ya kuyachagua maneno ya habari na kuyaacha maneno ya sifa: ndivyo walivyofanya wachezaji wa bao. Katika vijiji vya miteremko ya Meru na katika mitaa ya Arusha, lugha nyingi hukutana. Wameru wana lugha yao ya Kibantu, iliyo na udugu na Kichaga. Waarusha, ambao mji umepewa jina lao, husema Kimaasai. Na Kiswahili huwaunganisha wote. Michezo ya kusambaza kete katika mashimo nayo hukutana hapo. Wasemaji wa Kimaasai wana enkeshui, ubao wake ukiwa na safu 2 za mashimo. Bao la Kiswahili, lililotoka pwani, lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64, aghalabu komwe. Undugu wa michezo hii waonekana kwa macho, wala haumaanishi kwamba sheria zake ni moja.

Neno bao lenyewe lina matawi mengi. Ni ubao mkubwa; ni mchezo; ni ramli, mtu apigapo bao; na katika kandanda ni lile linalofungwa, hata mtangazaji husema mabao 2 kwa 0 bila kukumbuka kete wala komwe. Lugha iliyoweza kulipeleka neno moja kutoka barazani mpaka golini haina haja ya kuona haya mbele ya besiboli.

Bao la Kiswahili huchezwa kwa awamu mbili. Mwanzoni kila mchezaji huwa na kete 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi. Katika awamu ya kwanza, iitwayo namua, huingiza kete moja moja kutoka mkononi. Kete za mkononi zikiisha huanza awamu ya mtaji, ambapo huchezwa kwa kete zilizomo ubaoni peke yake. Mchezaji ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu ameshindwa.

Sasa, mchezaji hodari aweza kuikausha safu ya mbele ya mwenzake kabla awamu ya namua haijaisha, kete zingali mkononi. Ushindi huo huitwa mkononi. Huu ni ushindi wa fahari, na pengine ndio ulio karibu zaidi na ule wa besiboli katika michezo ya Waswahili. Lakini haifai kusema kwamba ni kitu kimoja. Aliyeshindwa mkononi aweza kuwa amekwisha kula kete nyingi. Katika besiboli aliyeshindwa bila kasoro hakupata hata kufika. Fahari ya mkononi ni ya mapema. Fahari ya besiboli ni ya kutopungukiwa mpaka mwisho. Kinachofanana ni namna ya kuviita. Wachezaji wa bao hawakusema 'ushindi bora' wala 'ushindi mtukufu'. Walitaja mahali kete zilipokuwa, wakaishia hapo. Aliyekuwapo na asiyekuwapo huelewa sawasawa kilichotokea.

Bao pia laeleza kwa nini neno safi halifai. Mchezaji akikosa kete za kula hucheza pasipo kula, na tendo hilo huitwa kutakata au kutakasa. Kitenzi kilekile kisemacho kuwa safi chataja hapa zamu isiyo na faida. Mzee wa bao akisikia 'ushindi safi' hana budi kujiuliza nani alikosa cha kula. Istilahi za mchezo mmoja zisipojua za mchezo mwingine, lugha moja hugeuka kuwa vijilugha viwili visivyosikilizana.

Mdako nao una habari yake. Mtoto hurusha kijiwe juu, na kabla hakijashuka huchota vijiwe vilivyomo kishimoni, kisha akidake. Akikosa, zamu humpita mwenzake. Atakayeanza na kumaliza bila kukosa amecheza bila kasoro kwa maana ile ile iliyotafutwa katika sehemu iliyotangulia, na hakuhitaji mwamuzi wala kamati.

V. Mwisho

Arusha ni mji unaojua thamani ya fasili. Humo lilipitishwa, mwaka 1967, Azimio lililowafanya watu wabishane juu ya maana ya ujamaa na ya kujitegemea. Humo ulitiwa sahihi, tarehe 30 Novemba 1999, mkataba ulioanzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika maandishi ya namna hiyo neno likikosa mpaka, mtu hupoteza haki. Katika michezo hasara ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni hasara ya aina ile ile: Shore na Haddix walikuwa wamo kitabuni, na siku fasili ilipoandikwa wakawa hawamo.

Mwaka ule ule wa Azimio, 1967, ndipo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria, na kusanifu istilahi ni moja ya kazi zake. Kwa besiboli, mapendekezo ya makala haya ni hizo istilahi tatu zilizotajwa, kila moja ikitanguliwa na fasili yake. Lakini ipo kazi nyingine ambayo haiwezi kungoja. Maneno ya namua, mtaji, kutakata na mkononi yamekwisha kuandikwa kwa sababu bao la pwani liliwavuta watafiti. Maneno ya rede na mdako yamo vinywani mwa watoto, na ya enkeshui yamo vinywani mwa wazee wa Kimaasai wa Arusha na kwingineko. Kijana wa Meru aweza kujifunza zamu 9 za besiboli kwa mwaka mmoja. Maneno ya babu yake, yasipoandikwa angali hai, hayatapatikana katika kitabu cha mtu mwingine yeyote.